Brashi Iliyorudi na Mafuta

Wanangu mnaoosha magari, juzi nilipita mahali nikamwona mmoja wenu akisugua siti ya ngozi kwa brashi ya kufulia. Povu limejaa mpaka kwenye mikanda, mkono unakwenda kama anasugua sufuria lililoungua. Nilisimama. Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa najiangalia mwenyewe.

Mimi sioshi tena. Mgongo umegoma kuinama, na baridi ya huku Iringa imeyamaliza magoti yangu. Lakini kuna siku moja ya kazi hii ambayo sijawahi kuisimulia yote, na nikiisimulia itabidi nianze na jambo la aibu. Basi nianze nalo.

Kazi nilijifunzia Mbeya, pale Mwanjelwa, kwenye malori. Lori halina adabu ya kudai. Unalipiga maji, unalimwagia sabuni ya unga, unapanda juu na brashi ya sakafu, unasugua tope la Tunduma mpaka mkono uchoke. Nilipohamia Iringa nilikuja na mkono uleule. Mama Chaula, mwenye sehemu ya kuoshea magari iliyokuwa juu kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Ipogolo, alinichukua kwa sababu nilikuwa na nguvu. Aliniambia, "Ambonisye, hapa ni magari madogo. Taratibu." Nikasema sawa, mama. Sikuelewa.

Mwalimu Mgaya alileta gari lake siku ya mvua. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kunyoosha suruali hata akienda dukani, na gari lile alilinunua kwa jasho la miaka yote ya chaki. Siti zake zilikuwa za ngozi halisi, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Siti ya dereva ilikuwa na doa la wino. Nilichukua brashi ya sakafu, nikamwaga sabuni ya unga juu ya siti yenyewe, nikasugua. Doa lilitoka. Nikafurahi. Nikaendelea kidogo ili litoke vizuri zaidi, na nilipofuta kwa kitambaa nikaona ile rangi ya juu ya ngozi imekuja na kitambaa. Palibaki baka kavu lenye vinyweleo, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto.

Mwalimu aliporudi aliliona kabla hajakaa.

"Hii ni nini?"

Na mimi, wanangu, nikasema, "Ilikuwa hivyohivyo, Mwalimu. Labda hukuiona kwa sababu ya vumbi."

Alinitazama muda mrefu. Mtu aliyefundisha watoto miaka yote ile anajua uongo unavyosimama mdomoni. Alimgeukia Mama Chaula, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, nimekuja hapa kwa sababu tunasali pamoja. Huyu mtu wako asiguse tena ndani ya gari langu." Akaondoka.

Mama Chaula alijua. Hakupiga kelele. Alisema, "Lingine moja kama hili, rudi kwenu Mbeya." Kesho yake akanipeleka kwa fundi viatu, Mzee Kadege, aliyekuwa akikaa na kibao chake karibu na soko. "Mfundishe huyu ngozi ni kitu gani," akasema, akaniacha hapo kama mzigo.

Mzee Kadege hakuniuliza jina. Alichukua brashi yangu ya sakafu, akanivuta kidevu, akaipitisha shavuni, chini kidogo ya jicho. Nikaruka.

"Unaogea hii?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Mbona ng'ombe unamuogeshea hii?"

Kisha akanipitishia brashi yake ya viatu, ya manyoya ya farasi, palepale. Nilihisi kama mtu amenipulizia. Akasema ngozi ya siti ni ngozi kama ya shavu, isipokuwa yenyewe haiwezi kuruka. Tangu siku ile kila brashi niliyonunua niliijaribu shavuni kwanza, dukani mbele za watu, na wauzaji wakaniona punguani. Nanyi jaribuni. Brashi inayokukwaruza hapo, ipeleke kwenye matairi au kwenye mazulia ya miguuni. Isiingie kwenye siti.

Alinifundisha mengine wakati akishona soli, bila kuniangalia. Povu liwekwe kwenye brashi, lisiwekwe kwenye ngozi, maana ngozi inakunywa. Kipande kidogo kwa wakati, ukubwa wa sahani, halafu ufute kabla hakijakauka. Kwenye mishono tumia mswaki laini uliokwisha kazi, ufuate uzi, usiukate. Siti yenye vitundu vidogovidogo usiiloweshe kabisa, maji yataingia kwenye sponji na baada ya wiki gari litanuka kama soksi. Na usifanyie juani. Siku hizi naona mnanunua brashi za kufunga kwenye drili, zinazunguka zenyewe. Kwa mazulia sawa. Ukiipeleka kwenye ngozi, utafanya kwa dakika moja uharibifu ambao mimi nilihangaika nao kwa mkono.

Baada ya siti ile, nilijihamishia kwenye magurudumu. Hakuna aliyeyataka, yana masizi meusi ya breki yanayoingia kwenye kucha hayatoki mpaka Krismasi. Nikayafanya yangu. Nilikuwa na brashi tatu za magurudumu, nimezifunga utepe mwekundu kwenye mipini ili mtu asije akazipeleka kwenye bodi, kwa sababu masizi yale yana chembe za chuma na yatachora rangi ya gari kama msumari. Ya kwanza laini, ya uso wa rimu. Ya pili ilikuwa brashi ya kupakia rangi, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, nimeikata nywele fupi na kuizungushia utepe pale penye bati ili bati lisikwaruze. Hiyo ni ya kuzunguka nati. Ya tatu alinitengenezea Mzee Kadege mwenyewe: nyembamba, ndefu, nywele laini pande zote, inapita katikati ya mikono ya rimu mpaka nyuma kabisa, upande ambao mteja haoni. Brashi ya waya sikuwahi kuigusa. Rimu ikishapitishwa waya imekwisha.

Wenzangu walinicheka kwa hiyo ya tatu. "Ambo, huko nyuma nani anachungulia?" Kweli hakuna anayechungulia. Lakini masizi yakikaa huko yanaganda, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kufanya kazi ya kuonekana tu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Mwalimu Mgaya alikuja saa mbili asubuhi, koti la suti limetundikwa nyuma, tai shingoni. Binti yake Anitha, mtoto wake wa mwisho, alikuwa anaolewa kanisani Tosamaganga, misa saa nne. Gari lilikuwa la kumbebea bibi harusi. Maua ya kufunga mbele yalikuwa kwenye boksi. Mwalimu hakunisalimia. Alisema na Mama Chaula, "Ndani wafanye wengine. Yule afanye matairi."

Nikafanya matairi. Nilianza upande wa kulia, nyuma, mbele. Nikahamia kushoto. Gurudumu la mbele kushoto nilipitisha brashi ndefu nyuma ya mikono ya rimu, nikaivuta.

Masizi ya breki mnayajua, ni unga. Yakilowa yanakuwa kama wino, yanachuruzika. Brashi ile ilirudi na kitu kizito, cheusi, kinang'aa, kimeshikana na nywele. Niliisuuza kwenye ndoo, haikusuuzika. Nikaingiza vidole nyuma ya rimu. Palikuwa panateleza. Nikasugua vidole, nikanusa. Haikuwa oili ya injini, oili ya injini naijua kutoka kwenye malori. Haikuwa grisi.

Nikageuka nikaitazama barabara. Kutoka pale kwetu kwenda Tosamaganga lazima ushuke mlima mpaka Ipogolo. Mnaujua ule mteremko, wenye kona, na malori yanayopanda yakihema. Ukianza kushuka hakuna pa kuegemea ila ukuta wa mlima upande mmoja na hewa upande mwingine.

Nikamfuata. "Mwalimu, shikamoo. Gurudumu la mbele kushoto lina mafuta kwa ndani. Nadhani ni mafuta ya breki."

Hata hakugeuka vizuri. "Ni dawa yako ya kung'arishia matairi."

"Hilo bado sijalipaka, Mwalimu."

"Breki nimetoka nazo nyumbani, zinashika."

"Zinashika tambarare. Huko unakokwenda..."

"Ambonisye." Alikuwa anajua jina langu kumbe. "Uliniambia siti ilikuwa hivyohivyo. Leo unaniambia breki. Kesho utaniambia nini? Nina bibi harusi anasubiri. Malizia."

Simu yake ikaita. Nilisikia sauti ya msichana, "Baba uko wapi? Nimeshavaa." Akamjibu kwa upole kabisa, "Nakuja mwanangu, dakika kumi." Nikaona jinsi uso ule uliokuwa umekaza kwangu ulivyolegea. Anitha na mama yake wangekaa nyuma.

Mama Chaula alikuwa ndani ya kibanda chake akipokea wateja wengine. Fundi wa karibu alikuwa bado hajafungua. Wenzangu walikuwa wameshamaliza ndani, wanafunga maua. Mwalimu alikuwa anavaa koti.

Wanangu, sitawadanganya tena. Sikuwa na uhakika. Ingeweza kuwa mafuta ya zamani, fundi fulani alimwaga akasahau kufuta. Nikikosea, nilikuwa nimeharibu harusi ya mtu ambaye nilishamharibia gari, na nilikuwa narudi Mbeya. Nikinyamaza, hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua kwamba niliona.

Nikachukua jeki.

Niliweka mawe nyuma ya matairi, nikalegeza nati, nikapandisha. Spana iliniponyoka mara mbili. Nati ya tatu ilipotoka ndipo Mwalimu aliponiona.

"Wewe! Unafanya nini?"

Ya nne. Ya tano. Alinishika bega la shati akavuta, kifungo kikaruka. Nikavuta gurudumu, likatoka, nikalisukuma pembeni na kulikalia. Mtu mzima, nimekalia gurudumu kwenye matope, kama mtoto anayekataa kwenda shule.

"Mama Chaula!" Mwalimu aliita. "Njoo uone mtu wako! Njoo uone!"

Alitoka mbio na mabuti yake ya mpira, watu wa barabarani nao wakasogea. Akalitazama gari limeinama na maua yake mbele, akanitazama mimi. "Ambonisye, umerogwa?"

"Mama, kuna mafuta ya breki."

"Muongo!" Mwalimu alisema. "Mama, huyu ni muongo, wewe unajua ni muongo!"

Watu wakanigeukia. Nilisimama. Nikasema, na nilitaka wote wasikie ili nisiweze kurudi nyuma, "Siti niliiharibu mimi. Kwa brashi ya sakafu. Haikuwa hivyohivyo, nilidanganya kwa kuogopa kazi. Leo sidanganyi, Mwalimu. Nakuomba ukanyage breki mara moja. Ikiwa nimekosea narudisha gurudumu dakika mbili, na mimi naondoka hapa leo hii."

Mwalimu alikuwa anapumua kwa nguvu. Simu ikaita tena mfukoni, hakuipokea.

Mama Chaula akasema taratibu, "Mnyalukolo, ndugu yangu, kanyaga mara moja tu. Saa bado."

Akaingia. Alipigiza mlango mpaka gari likayumba juu ya jeki. Akawasha. Akakanyaga, akatoa kichwa dirishani. "Inashika! Ngumu kama jiwe! Umeridhika?"

Nilichuchumaa nikatazama. Ule mpira unaopeleka mafuta kwenye breki ulikuwa umelowa, lakini haudondoshi. Hakuna kitu. Watu wakaanza kuguna. Mama Chaula alifumba macho.

"Mwalimu," nikasema, "kanyaga kama umeona ng'ombe katikati ya barabara. Kanyaga ushikilie."

Sijui kwa nini alinikubalia. Labda kwa hasira tu. Nilisikia kiatu kinagonga, na nikaona mpira ule unavimba mahali pamoja, kama koo la chura. Halafu ukapasuka. Mafuta yakaruka yakanipiga kifuani na shingoni. Ndani ya gari nikasikia mguu wa Mwalimu unashuka, unashuka, mpaka kanyagio likagonga sakafu.

Injini iliendelea kuunguruma peke yake. Mwalimu alikanyaga tena, pu, pu, pu, miguu ya mtu anayekanyaga hewa. Kisha akazima. Alikaa mle ndani, mikono yote miwili kwenye usukani, anatazama mbele kuelekea kule barabara inakoanza kushuka.

Simu iliita mara ya tatu. Mama Chaula aliingiza mkono dirishani, akaichukua, akapokea yeye. "Anitha, mwanangu, mimi Mama Chaula. Nakuja kukuchukua na gari langu. Tulia, usilie, utaharibu poda." Akanigeukia. "Maua yafunge kwangu. Haraka! Na siti za nyuma, zina vumbi la mahindi!"

Gari lake lilikuwa dogo, jekundu, limechoka, siti za kitambaa. Tuliingia watu watatu. Mmoja anakung'uta mazulia, mwingine anafuta vioo, mimi napitisha brashi laini kavu kwenye siti, maana kitambaa ukikilowesha bibi harusi atashuka kanisani ana maji nyuma. Sijawahi kufanya kazi kwa haraka vile na kwa uangalifu vile. Shati langu lilikuwa linanuka mafuta ya breki, hivyo niliegemea mlangoni nisiguse kitu kwa kifua. Mwalimu alisimama kando, koti limekunjwa mkononi. Kabla ya kuondoka, mimi na Mama Chaula tulitazama magurudumu manne ya gari lake jekundu, ndani na nje. Makavu.

Akaondoka, Mama Chaula na mabuti yake ya mpira kwenye kanyagio, Mwalimu pembeni.

Mama Chaula alirudi mchana. Misa ilianza kwa kuchelewa kidogo, padri alisubiri, hakuna aliyelalamika. Bibi harusi alipendeza. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nikae chini. Walipofika chini Ipogolo, pale barabara inapokuwa tambarare, Mwalimu alimwomba asimamishe. Alishuka na tai yake, akasimama pembeni ya barabara, akageuka akautazama mlima wote waliotoka. Mkewe alimwita dirishani, akabaki palepale. Lori la mbao likapita likishuka kutoka juu, likitoa moshi, akalifuata kwa macho mpaka likapotea. Ndipo akarudi ndani, akasema, "Twende."

Gari lake tulimwitia fundi, akabadilisha mpira ule, na alipochunguza wa kulia akakuta nao umeanza kupasuka, akabadilisha yote. Mama Chaula hakunifukuza wala hakunisifu. Alinipa shati.

Jumatatu Mwalimu alikuja kwa miguu kulichukua. Watu walikuwa wachache. Alinisalimia, "Kamwene, Ambonisye." Nikamwamkia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, ya kushukuru au ya kugomba, na nilikuwa na yangu pia ya kuomba radhi. Hakutaka yoyote. Alisema, "Nionyeshe ulipogusa."

Tukachuchumaa wawili kwenye gurudumu la mbele kushoto. Alikunja mkono wa shati lake jeupe mpaka kwenye kiwiko. Nilimshika mkono, kwa sababu mtu asiyezoea hajui njia ya kupita, nikaupitisha katikati ya mikono ya rimu mpaka nyuma kabisa. Akapapasa.

"Pakavu," akasema.

"Pakavu, Mwalimu."

Nilidhani atautoa. Hakuutoa. Alibaki amechuchumaa vile, mkono umezama ndani mpaka kwenye kiwiko, masizi yanampaka shati, anapapasa palepale, mbele na nyuma. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikachukua kitambaa kwenye ndoo, nikaanza kukikamua, nikakikamua mpaka hakikuwa na tone tena, nikamsubiri.